Kabla urudi Sudan Kusini, malizana na haya kwanza

Hapa Kitale nina majirani wengi wa Sudan Kusini na kila mara naskia mtu akisema nimechoka narudi, saa zingine ni simu tu ya mjomba kwamba huko kumetulia. Sawa, kwenu ni kwenu, lakini usipande gari ya Lodwar bado.

Ujue hakuna mtu wa kukulazimisha. Sheria ya wakimbizi ya Kenya ya 2021 inakataza mtu kurudishwa mahali maisha yake yako hatarini, na mkataba wa wakimbizi wa OAU (umoja wa nchi za Afrika wa zamani) wa 1969 unasema wazi kurudi ni kwa hiari, kwa hivyo mwenye nyumba akikutisha ati muda wenu umeisha, hayo ni maneno yake. Na wewe mama, hiari ni yako pia si ya mzee peke yake, ukienda UNHCR, shirika la UN la wakimbizi, omba muongee kando. Ata ukishasaini fomu ya kurudi unaweza kubadilisha nia. Halafu pigia watu wawili watatu wasioishi pamoja, waulize vitu vya kawaida: hospitali iko wazi? maji mnachota wapi? shamba letu analima nani?

Sasa afya, hapa ndio watu wengi huteleza. Dawa ya TB ya kawaida ni miezi 6, na shida ni kwamba baada ya wiki chache unaskia umepona kabisa, unaacha, inarudi ikiwa sugu. Kama unaweza, maliza kwanza. Wa ARV, dawa za HIV, ongea na kliniki mapema, omba barua ya transfa na dawa za miezi kadhaa, na ujue jina la kituo utakachopokelewa kabla ya kutoka. Watoto wamalize chanjo, ya surua ni miezi 9 na miezi 18. Kitu kingine watu husahau, Kitale ni baridi, mtoto aliyelelewa hapa mwili wake haujazoea malaria, akifika huko akishikwa na homa apimwe siku hiyo hiyo, usingoje kesho tafadhali. Beba neti.

Cheti cha kuzaliwa cha mtoto aliyezaliwa Kenya kitafute ukiwa bado hapa, ukishavuka mpaka pale Nadapal kukifuata ni shida kubwa. Kadi ya mkimbizi usimpe broka wa usafiri. Karatasi zote, za shule, za kliniki, piga picha utumie mtu unayemwamini anayebaki.