SOMO: Kuifundisha Pillow aina ya picha isiyoijua (na kwanini kubadilisha jina la faili hakusaidii)

Wakuu salaam. Kwa mgeni: Pillow ni maktaba ya Python ya kufungua na kusevu picha. Wiki hii peke yake nimeulizwa mara nne kitu kile kile, "Pillow inakataa picha yangu, inaniandikia cannot identify image file, nifanyeje". Naandika mara moja hapa, kuanzia leo ukinifuata inbox na swali hilo nakurushia hili somo sikujibu kingine.

Kabla hatujaanza: kama picha yako ni HEIC ya iPhone (zinapiga hivyo tangu iOS 11, mwaka 2017) wewe huna shida ya somo hili. Instoli `pillow-heif`, andika `from pillow_heif import register_heif_opener`, mstari unaofuata `register_heif_opener()`, halafu ndo ufungue picha zako, kalale. AVIF nayo matoleo mapya ya Pillow yanaifungua yenyewe. Somo ni la mwenye aina ya picha ambayo hakuna aliyemtengenezea plagini (kipande cha kodi kinachoifundisha Pillow aina mpya), au anayetaka kujua ule mstari mmoja unafanya nini huko ndani.

Mfano wetu ni farbfeld, aina ya picha ya wale jamaa wa suckless, kundi la watengeneza programu ndogo ndogo. Nimeichagua kwa sababu maelezo yake yote yanaenea kwenye kiganja: baiti 8 za mwanzo ni neno `farbfeld`, 4 zinazofuata ni upana, 4 nyingine urefu, halafu pikseli moja moja kuanzia juu kushoto, kila pikseli ina nyekundu, kijani, bluu na alfa (namba ya uwazi, ikijaa pikseli haina uwazi), na kila kimoja kinachukua biti 16. Basi. Haijabanwa hata kidogo, picha ya 1920 kwa 1080 ni baiti 16,588,816 kamili, piga hesabu mwenyewe.

1. `pip install pillow`

2. Pata faili la majaribio ambalo HUJALITENGENEZA WEWE. ImageMagick, ile programu ya kugeuza picha, inaijua farbfeld: `magick picha.png picha.ff`. Hizo herufi kubwa nina sababu nazo, utaiona mbele.

3. Fungua faili jipya, liite `ff_plagini.py`, uweke hii:

```
import struct
from PIL import Image, ImageFile

def _accept(prefix):
    return prefix[:8] == b"farbfeld"

class FfImageFile(ImageFile.ImageFile):
    format = "FF"
    format_description = "Farbfeld"

    def _open(self):
        kichwa = self.fp.read(16)
        if not _accept(kichwa):
            raise SyntaxError("si farbfeld")
        upana, urefu = struct.unpack(">II", kichwa[8:])
        self._size = (upana, urefu)
        self._mode = "RGBA"
        self.tile = [("raw", (0, 0, upana, urefu),
                      16, ("RGBA;16B", 0, 1))]
```

Kinachotokea ni hivi. Ukiita `Image.open`, Pillow inasoma baiti 16 za mwanzo wa faili inazipitisha kwa plagini moja baada ya nyingine, kila moja inaulizwa kupitia `_accept`, huyu ni wako? Anayesema ndiyo anapewa faili. Jina la faili haliulizwi kabisa hapo, narudia, haliulizwi. `_open` yenyewe haisomi pikseli, inasoma kichwa cha faili tu (zile baiti 16 za mwanzo) na kuacha maelekezo ndani ya `tile`: tumia kisomaji kiitwacho raw, jaza eneo lote, pikseli zinaanzia baiti ya 16, zimepangwa kwa mtindo wa `RGBA;16B`. Pikseli zinasomwa baadaye picha ikihitajika kweli, ndo maana `Image.open` inarudi haraka hata faili liwe zito vipi.

Ile alama ya `>` kwenye `">II"` usiiguse.

4. Kusevu. Hapa ndo nilipoaibika kwa hiyo nitakaa kidogo.

Pillow inashika biti 8 kwa kila rangi, farbfeld inataka 16. Mimi kwa akili zangu nikasema simpo, naweka baiti yangu mbele halafu nyuma yake naweka sifuri, nafasi si imejaa. Nikasevu, nikafungua tena kwa plagini yangu, nikalinganisha na picha ya mwanzo, zinafanana pikseli kwa pikseli. Nikajipongeza nikamtumia jamaa tuliyekuwa tunafanya naye kazi. Yeye skripti yake ilikuwa inaangalia kama alfa ni 65535 ili ijue picha haina uwazi, na picha zangu zote, moja baada ya nyingine, zikawa zinaangukia kwenye kapu la picha zenye uwazi. Siku mbili nzima nilikuwa namwambia skripti yake mbovu, maana mimi majaribio yangu yamepita!

Kosa lilikuwa langu. 255 ukiifuatisha na sifuri unapata 65280, siyo 65535. Yaani nyeupe yangu haikuwa nyeupe na picha zangu zote zilikuwa zinavujisha kilichoko chini yake kama asilimia 0.4, jicho halioni lakini kompyuta inaona. Na majaribio yangu yalipita kwa sababu kisomaji cha Pillow kinachukua baiti ya mbele tu ya nyuma kinaitupa, kwa hiyo uchafu wangu nilikuwa nautupa mwenyewe kabla sijauona. Dawa ni kuirudia baiti ile ile mara mbili, ambayo ni sawa na kuzidisha kwa 257: 0 inabaki 0, 255 inakuwa 65535.

```
def _save(im, fp, filename):
    data = im.convert("RGBA").tobytes()
    nje = bytearray(len(data) * 2)
    nje[0::2] = data
    nje[1::2] = data
    fp.write(b"farbfeld" + struct.pack(">II", *im.size))
    fp.write(nje)
```

Onyo la kwanza: usipime mwandishi wako kwa kutumia msomaji wako, wote wawili wamezaliwa na kichwa kimoja na watakubaliana hata kwenye ujinga. La pili: angalia baiti kwa macho. Piga `xxd picha.ff | head -3`, pikseli nyeupe isiyo na uwazi lazima isomeke `ffff ffff ffff ffff`. Ukiona `ff00 ff00` karibu chama langu.

5. Jiandikishe, mwisho wa faili hilo hilo:

```
Image.register_open(FfImageFile.format, FfImageFile, _accept)
Image.register_save(FfImageFile.format, _save)
Image.register_extension(FfImageFile.format, ".ff")
```

6. Kwenye programu yako andika `import ff_plagini` kabla ya kufungua picha. Plagini zake yenyewe Pillow inazijua, yako haiijui mpaka uiite.

Maswali karibuni, ila soma kwanza.

---

Kinyonga_01: Shukrani mkuu kwa somo. Mimi picha zangu ni .heic nimezibadilisha jina zikawa .jpg lakini bado inakataa, tatizo nini?

Mtoa somo: Aya ya pili.

Kinyonga_01: Nimeisoma mkuu ila Windows inanionyesha kabisa ni JPG

Mtoa somo: Windows imesoma jina. Pillow imesoma baiti. JPEG inaanza na FF D8 FF, ya kwako kuanzia baiti ya tano imeandikwa `ftyp`. Umebadilisha kibao cha duka, mzigo ndani ni ule ule.

mtotowapwani: Kaka habari ya kazi. Nimefuata hatua zote nikaandika mwenyewe bila kukopi ili nielewe, sasa inanitupia DecompressionBombError. Nimeprinti upana unakuja 2147614720 wakati picha yenyewe ni ndogo tu. Kuna mahali nimeona wanasema niweke `Image.MAX_IMAGE_PIXELS = None`, nifanye hivyo?

Mtoa somo: Usifanye! Hicho kizuizi kipo kukulinda, picha ikizidi pikseli 89,478,485 Pillow inaonya, zikizidi mara mbili ya hapo inagoma. Ukikizima mtu anakupa kifaili kidogo kinachodai kuwa na upana wa bahari, memori ya seva yako inakwenda na maji. Wewe picha yako ina upana wa 640 na umesahau `>`.

mtotowapwani: Dah kweli ni 640 na kweli nimeandika "II" tu! Umejuaje kaka?

Mtoa somo: Swali zuri hili. 640 kwa baiti nne ni `00 00 02 80`, farbfeld inaandika baiti kubwa mbele. Kompyuta zetu nyingi zenyewe zinasoma kuanzia ndogo, kwa hiyo usipoiambia itaigeuza iwe `80 02 00 00`, na hiyo ndo 2147614720. Ukikutana na namba ya kichaa kwenye kichwa cha faili, kabla ya kitu chochote igeuze baiti zake uone kama inakuwa namba ya maana.

Bitozi: Mimi imegoma kwenye self.mode, AttributeError. Hili somo limepitwa na wakati

Mtoa somo: Onyesha `self.mode =` iko wapi kwenye kodi yangu. Mimi nimeandika `self._mode`. Tangu Pillow 10.1 ile ya bila kistari haiandikiki, umechanganya somo langu na la mtu mwingine.

Bitozi: Ok nimeona. Ila kwanini usitumie tu ImageMagick kugeuza zote ziwe PNG, mbona mnapenda kujitesa

Mtoa somo: Una picha kumi, geuza. Una programu inayopokea picha za watu usiku kucha hutaki kila moja ipite kwenye programu ya pembeni ndo ije kwako, tengeneza plagini. Sijalazimisha mtu.

Fundi_wa_Usiku: Mwalimu naomba kuuliza, kama faili lina biti 16 na Pillow inachukua 8, si tunapoteza nusu ya habari? Na je aina ya picha iliyobanwa, hiyo raw inatosha?

Mtoa somo: Maswali mawili ya mtu aliyesoma. La kwanza, ndiyo tunapoteza, RGBA ya Pillow ni biti 8 kwa kila rangi hakuna namna. Kwa picha ya kuonyesha kwenye skrini sioni tatizo. Ukitaka zote 16 usipitie Pillow, kwa farbfeld numpy (maktaba ya Python ya hesabu za namba) inakutosha, mstari mmoja: `np.frombuffer(data, ">u2", offset=16).reshape(urefu, upana, 4)`. Angalia kwamba urefu unatangulia upana, hapo watu wengi wanaanguka.

La pili, raw haitoshi. Ikiwa imebanwa unatengeneza klasi inayorithi `ImageFile.PyDecoder`, unaandika `decode` yake, ukishafungua pikseli unazikabidhi kwa `self.set_as_raw(...)` na kurudisha `-1, 0` maana yake nimemaliza. Halafu unaisajili kwa `Image.register_decoder` na jina hilo unaliweka kwenye `tile` badala ya raw. Usianze kutafuta mafunzo huko, fungua `QoiImagePlugin.py` ndani ya Pillow yenyewe, iko kwa Python tupu na ni fupi.

Fundi_wa_Usiku: Nimeifungua, kweli inasomeka! Moja la pembeni: farbfeld inaanza na neno la kawaida, mbona PNG inaanza na takataka, 89 halafu PNG halafu 0D 0A 1A 0A?

Mtoa somo: Siyo takataka, ni mitego. Zamani faili likipita kwenye mtandao unaokata biti ya nane, 89 inaharibika unajua hapo hapo. 0D 0A na ile 0A ya mwisho ni za kukamata programu zinazobadilisha alama za mwisho wa mstari. 1A iko pale ili mtu akilimwaga faili kwenye skrini ya DOS lisimame hapo lisimjazie uchafu. Baiti nane tu, kila moja ina kazi. Nikiona aina mpya ya picha isiyo na mitego hiyo huwa nasikitika kidogo, farbfeld ikiwemo.

mtotowapwani: Kuongezea, Linux ukipiga `file *.jpg` inakuambia kila moja ni nini kwa kusoma ndani. Mimi nusu ya .jpg zangu nilizopakua kumbe ni WebP.

Mtoa somo: Safi. Na hizo WebP Pillow inazifungua bila plagini hata zikiitwa .jpg. Kama programu yako ilikuwa inazikataa basi ni wewe unayeangalia jina.

Kinyonga_01: Mkuu samahani, nimeinstoli pillow-heif, bado cannot identify.

Mtoa somo: Ile register umeiweka kabla ya Image.open au baada?

Kinyonga_01: Baada.