Kupaka Rangi Spitfire Mk IX ya Plastiki, Kipimo cha 1/48

Spitfire Mk IX ni ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia; mfano wa 1/48 ni mdogo mara 48 kuliko ndege halisi. Kazi nzuri ya rangi huanzia kwenye plastiki yenyewe. Ukishaunganisha vipande, piga msasa namba 800 kwenye maungio, malizia na 1500, kisha osha ndege nzima kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo. Mafuta ya vidole hufanya rangi ibanduke pamoja na tepu, na ikishabanduka hakuna njia ya mkato: unarudi kwenye msasa.

Kwa kipulizio cha rangi (airbrush), puliza praima ya kijivu, koti moja jembamba. Itakuonyesha mikwaruzo na mapengo ambayo jicho halikuyaona kwenye plastiki tupu. Yazibe kwa puti sasa.

Anza na rangi hafifu. Ukingo wa mbele wa bawa, kuanzia kwenye mizinga hadi karibu na ncha, ni wa njano; njano haifuniki vizuri, hivyo itangulizie nyeupe. Mkanda wa Sky (kijani hafifu) mbele ya mkia ulikuwa inchi 18 kwenye ndege halisi, kwa hiyo hapa ni milimita 9.5. Ziba sehemu hizo kwa tepu, upulize Medium Sea Grey (kijivu hafifu) upande wa chini wa ndege, kisha Ocean Grey (kijivu kilichoiva zaidi) upande wa juu, na Dark Green (kijani kilichokolea) mwisho. Mpangilio huu wa kijivu na kijani ulianza Agosti 1941. Kahawia iliyotumika 1940 usiiweke kwenye Mk IX iliyoruka kutoka Uingereza.

Kwa akriliki za Tamiya, changanya rangi na tina sawa kwa sawa, presha psi 15 hadi 18, umbali sentimita 5 hadi 8. Makoti mawili au matatu membamba hushinda moja zito, kwa sababu zito huziba mistari ya mabati. Uso ukitoka na chengachenga, rangi inakauka hewani: sogea karibu au ongeza tina. Ikitawanyika kama miguu ya buibui, ni nyepesi mno au presha imezidi. Fungua madirisha, vaa barakoa ya kuchuja kemikali.

Mpaka wa kijani na kijivu uzibe kwa gundi laini ya kubandikia mabango, iliyoviringishwa unene wa milimita 3. Kipulizio kiwe wima juu ya mpaka. Ukikilaza, rangi itaingia chini ya gundi.

Kisha vanishi ya kung'aa, uiache usiku kucha. Hatua hii isirukwe. Stika za maji zikiwekwa juu ya rangi isiyong'aa hunasa hewa kwenye vishimo vyake, na ule ukingo mwangavu wa stika unageuka mweupe. Loweka stika kwa sekunde 20 au 30, itelezeshe mahali pake, kandamiza kwa pamba ya masikio kutoka katikati kwenda nje, kisha pakaa dawa ya kulainisha stika. Itajikunja kwanza, usiiguse, itajinyoosha yenyewe.

Michubuko ya rangi ya fedha, inayoonyesha bati lililo chini ya rangi, iwekwe kwenye shina la bawa, fundi na rubani walipokanyaga. Usukani wa mkia uliwambwa kitambaa, kwa hiyo hapo fedha haina nafasi.

Malizia na vanishi isiyong'aa. Mwambao, Dar es Salaam au Mombasa, usipulize vanishi ya laka siku ya mvua: tina inapogeuka mvuke hupoza uso, unyevu unaganda juu yake na vanishi inafifia kuwa ukungu mweupe. Ikitokea, subiri hewa kavu, kisha puliza tina ya laka inayokauka polepole, vumbi jepesi tu, na ukungu utayeyuka.