Kubadilisha bandeji za mtoto mwenye EB bila kumchuna ngozi

Mtoto mwenye epidemolisisi bulosa (EB) amezaliwa na hitilafu ya jeni inayofanya tabaka za ngozi zisishikane vizuri. Mshono wa nguo au kumnyanyua kwa kwapa kunatosha kumchuna. Ugonjwa hauambukizi, glavu ni za kumkinga yeye.

1. Maandalizi. Mpe dawa ya maumivu aliyoandikiwa nusu saa hadi saa moja kabla. Kata gozi (kitambaa kinacholala juu ya kidonda) na bandeji mpya zote kwanza, kidonda kisibaki wazi huku unatafuta mkasi.

2. Fungua mguu au mkono mmoja tu. Ukimvua zote, atapiga mateke na visigino vitachunana.

3. Kubandua gozi iliyoganda. Usiivute, hata ikibaki kona tu. Chemsha maji, yaache yawe vuguvugu, tia chumvi gramu 9 kwa kila lita; beseni la lita 10 ni gramu 90. Tumia mizani, kwa sababu kijiko cha chumvi ya mawe na cha chumvi laini havilingani uzito. Usipunguze chumvi kwa kumwonea huruma: maji matupu ndiyo yanayouma, kwani hupenya kwenye nyama iliyo wazi, ilhali kiwango hiki kinakaribiana na chumvi ya mwilini. Loweka dakika 15 hadi 20. Shingoni au mgongoni, weka kitambaa laini kilicholowa na uendelee kukimwagia maji hayo. Kisha kunja gozi irudi nyuma ikilala sambamba na ngozi, bila kuinyanyua juu. Ikigoma, loweka tena. Ikigoma bado, na hakuna usaha wala harufu, kata iliyolegea, paka vaselini nyingi juu ya kipande kilichobaki, funga, ujaribu kesho. Kipande cha gozi kikikaa siku moja zaidi ni afadhali kuliko kidonda kipya. Gozi ikiganda kila mara, vaselini ilikuwa kidogo au imekaa siku nyingi mno.

4. Malengelenge. La kuungua huachwa. La EB hutobolewa, maana maji yake huisukuma ngozi na lengelenge likazidi kutanuka. Chukua sindano mpya ya hospitali, namba 21 (ya kijani), ilaze sambamba na ngozi, ipenyeze sehemu ya chini kabisa itokee upande wa pili. Kandamiza taratibu kwa gozi. Ngozi ya juu usiikate, ndiyo kifuniko bora kuliko vyote.

5. Kufunga. Gozi za silikoni hazina mpinzani. Bei ikishinda, tumia gozi ya vaselini. Plasta kamwe, wala pamba juu ya kidonda. Spiriti huunguza, na ile GV ya zambarau huficha rangi ya kidonda usijue kama kimeharibika. Utepe ushike bandeji kwa bandeji, usiguse ngozi. Kwa EB ya aina ya distrofiki (ile inayoacha makovu), funga kila kidole peke yake na upitishe gozi katikati ya vidole hadi mashinani, la sivyo vitapona vikiwa vimeshikana.

Harufu mpya, usaha, joto na uvimbe kuzunguka kidonda, au homa: hospitali siku hiyo hiyo. Kijana au mtu mzima mwenye distrofiki ambaye kidonda chake hakifungi kwa miezi akatwe kinyama kipimwe, maana saratani ya ngozi huanzia kwenye vidonda vya namna hiyo.