Kabla hujakaa kwenye meza ya majadiliano: mambo ya kuzingatia

Umepata nafasi kwenye chuo kidogo cha Marekani, kule ambako wanafunzi kumi na wawili wanazunguka meza moja na profesa hasimami ubaoni? Jiandae mapema. Hakuna notsi za kunakili.

Soma silabasi yote, hasa pale panapotaja alama za kuchangia darasani. Usiache kurasa ulizopangiwa hadi usiku wa kuamkia kipindi. Usingoje kuitwa jina. Ukimya tuliofundishwa kuwa ni heshima, kule unaonekana hujasoma.

Sasa hili lishike kuliko yote: beba tafsiri ileile iliyotajwa kwenye silabasi. Mimi nilitaka kuokoa pesa. Tulianza na Jamhuri, kitabu cha Plato, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, nikapakua tafsiri ya zamani ya bure, nikaichapisha steshenari Dar es Salaam, nikaitia spairo na kusafiri nayo. Siku ya kwanza profesa akasema, "Ukurasa wa 15." Wangu wa 15 ulikuwa bado utangulizi wa mfasiri. Wakafika pale Thrasymachus, mmoja wa wanaobishana kitabuni, anaposema kwamba haki ni maslahi ya mwenye nguvu. Sentensi hiyo nilikuwa nimeipigia mstari usiku, na mfano wa mgogoro wa ardhi kijijini kwetu ninao mdomoni. Napekua, napekua, naipata, wenzangu wameshahama. Wiki tatu hivyohivyo. Alama za kuchangia zilipotoka, nililia bwenini.

Aliyeniokoa ni dada aliyekuwa akikaa kushoto kwangu. Aliweka kidole pambizoni mwa kitabu chake: 338c. Namba hizo ni za kurasa, na herufi ni ya sehemu ya ukurasa, katika toleo la Plato la mchapishaji Henri Estienne la mwaka 1578, na hazibadiliki kutoka tafsiri moja hadi nyingine. Aristotle, mwanafunzi wa Plato, naye ana zake, za toleo la mhariri Bekker lililoanza kutoka mwaka 1831. Nakala yangu haikuwa nazo. Kwa hiyo pesa ikikosekana, azima maktaba, au tafuta tafsiri yoyote yenye namba pambizoni. Na kila mstari unaotaka kuusemea, andika namba yake daftarini kabla hujaingia.

Mengine ni ya kawaida. Simu iache mfukoni. Usidakie neno la mwenzako. Aliyekupinga mezani msalimie mkikutana kantini. Kama kipindi ni cha jioni, kula kwanza, na baridi ikianza, usitoke bila koti.