Baraza la pevingi za madumu: chora kwanza, yeyusha baadaye

Pevingi zangu, yaani vitofali vya kutandaza chini, nazitengeneza kwa plastiki ya madumu na takataka nyingine, iliyoyeyushwa na kuchanganywa na mchanga. Plastiki hiyo siiweki ndani ya nyumba. Inashika moto haraka na moshi wake ni sumu, kwa hiyo chumba cha watoto nakijenga kwa tofali. Mahali pake ni nje, chini ya miguu: barazani, njia ya chooni, na kuzunguka bomba ambako maji yakituama mbu wanazaliana. Hapa Dar es Salaam nafanya hivi.

Hatua ya 1: Mchoro
Natumia Sweet Home 3D, programu ya bure. Chora kuta kwa vipimo ulivyopima mwenyewe kwa futi, kisha fungua dira, weka mji wako na upande wa kaskazini. Unapotengeneza picha, chagua tarehe na saa. Tazama Juni 21 na Desemba 21, saa kumi jioni (16:00). Jua la Juni hupita kaskazini yetu, la Desemba kusini, lakini la jioni linaupiga ukuta wa magharibi mwaka mzima. Ndiyo maana baraza nalipeleka magharibi: paa lake linaukinga ukuta, na usiku mnalala bila joto. Dirisha moja lipokee kusi, jingine kaskazi, yote yawe na wavu.

Hatua ya 2: Hesabu
Baraza la mita 6 kwa 1.5 ni mita 9 za mraba. Pevingi za sentimita 20 kwa 10 zinaingia 50 kila mita ya mraba, jumla 450. Yenye unene wa sentimita 5 hunitokea na kilo 1.7 hivi, robo yake plastiki. Tafuta kama kilo 190 basi. Usikusanye kupita hapo: rundo la madumu yaliyobaki uani linaweka maji ya mvua, na mbu wanazaliana.

Hatua ya 3: Kuchambua
Usiharakishe hapa. Geuza kila kipande utazame namba ndani ya pembetatu. Chukua 2 (madumu, ndoo), 4 (mifuko laini) na 5 (vifuniko, viti). Namba 3 ni PVC, ile ya mabomba, na ikiungua hutoa gesi ya asidi. Niliwahi kupitiwa na kipande kimoja kidogo cha bomba. Koo liliniwasha siku mbili, na watoto wa jirani walikuwa wakicheza upande upepo unakoelekea. Tangu hapo kisicho na namba nakikata na kukitia kwenye ndoo ya maji: kikizama, hakiingii kwenye pipa. Chupa za maji ya kunywa nazo huzama. Ziuze kwa wanunuzi wa chupa.

Hatua ya 4: Kuyeyusha
Mbali na nyumba, barakoa ya gesi na glavu za ngozi. Chekecha mchanga, ukaushe kabisa, maana wenye unyevu hurusha plastiki ya moto usoni. Yeyusha plastiki kwa moto mdogo, isizidi nyuzi 200, mpaka iwe kama uji mzito. Ukiona moshi, punguza kuni. Tia mchanga mara tatu ya uzito wa plastiki, koroga kwa chepe, shindilia kwenye kalibu iliyopakwa oili.

Hatua ya 5: Kutandaza
Shindilia kifusi, mwaga mchanga, panga. Mteremko uwe sentimita 2 kwa kila mita, kutoka ukutani kwenda nje. Ukimaliza, mwaga ndoo ya maji ukutani na uyafuate kwa macho. Yanaposimama, ng'oa pevingi hizo, ongeza mchanga, urudishe.