Kabla ya kwenda Guangzhou: jihadhari na utitiri wa majani

Pasipoti, viza, kadi ya homa ya manjano: hayo unayajua. Programu za kutafsiri na za kulipia zipakue ukiwa bado nyumbani. Dawa zako za kila siku zikae kwenye begi la mkononi. Soksi ndefu, weka. Dawa ya kupaka ya kufukuza wadudu yenye DEET, weka mbili.

"Za nini? Mimi nafuata mzigo, siendi porini." Porini si lazima. Kusini mwa China, Guangzhou ikiwemo, kuna wadudu waitwao utitiri, ambao watoto wao, wadogo hata kwa macho huwaoni, hukaa kwenye nyasi na vichaka, mpaka bustani za mjini na mlima Baiyun ambako watu hupanda siku za mapumziko. Hung'ata bila maumivu na kukuachia bakteria wa ugonjwa unaoitwa skrabu taifasi, ambao hauna undugu na taifodi. Basi usijilaze kwenye majani, hata kwa picha. Koti usilitundike kichakani. Ukirudi hotelini oga kwa kujisugua, nguo zitupe kwenye maji ya moto.

Sasa hili lisikie vizuri. Homa huanza kati ya siku 6 na 21 baada ya kung'atwa. Yaani umesharudi Kariakoo, unabishana na wakala wa mizigo. Shemeji yangu ilimkuta hivyo: homa kali, kichwa kinagonga, mitoki imemjaa kinenani. Zahanati ya mtaani ikampima malaria, haikuonekana, akapewa dawa ya malaria hivyo hivyo. Kikaja kipimo cha taifodi kiitwacho Widali, akaambiwa anayo. Zikafuata sindano za seftriaxoni na dripu, nyumbani tukapumua, maana mtu akiwekewa dripu tunaona katibiwa. Homa haikushuka. Bakteria huyu huishi ndani ya seli, na seftriaxoni na jamii ya penisilini hazimfanyi kitu.

Alipoanza kuhema tukamhamisha. Muuguzi wa huko, akimbadilisha nguo, akaona chini ya mkanda wa suruali kidonda kidogo chenye gaga jeusi na wekundu pembeni, mfano wa mtu aliyechomwa na sigara. Hakiumi, hakiwashi. Shemeji alikuwa anakijua siku zote! Alidhani mkanda umemchubua, na nani atamfunulia daktari kinena bila kuombwa? Ndipo daktari akauliza alisafiri wapi. Kule kwa kwanza hakuna aliyeuliza. Akaanzishiwa doksisaiklini, miligramu 100 mara mbili kwa siku, na haikuchukua muda akawa anaulizia kontena lake.

Kwa hiyo, ukishikwa na homa ndani ya wiki tatu za kurudi, neno la kwanza kwa daktari liwe "nimetoka China", halafu ndiyo useme kichwa kinauma. Jikague kwapani, kiunoni, kinenani, nyuma ya magoti, chini ya matiti. Aibu weka kando. Usipokiona kidonda usijipe uhakika, wengine hawakipati kabisa. Na usisubiri: ukicheleweshwa, ugonjwa huu hufika kwenye mapafu, figo na ubongo, na unaua.

Doksisaiklini imeze na glasi nzima ya maji, usilale papo hapo, itakuchoma koo. Usiichanganye na maziwa. Jua likwepe. Homa kwa kawaida hukata ndani ya siku mbili. Isipokata, rudi hospitali. Ikikata, dozi maliza, mara nyingi ni wiki moja. Mjamzito aseme mapema, yeye hupewa azithromaisini. Uchovu unaweza kubaki wiki kadhaa, mzigo wabebe wengine.

Chanjo hakuna, na kuugua mara moja hakukukingi na mara ya pili. Nanyi mnaoishia Dubai msicheke: mwaka 2006 mgonjwa mmoja aliambukizwa huko na bakteria wa ukoo huo huo. Bima ya safari kateni, maji ya bomba msinywe, na namba ya mtu wa nyumbani iandikwe kwenye karatasi, simu huzima.