Jedwali lipo, draiva inasema halipo: kurekebisha nukuu za jina la skima katika PostgreSQL

Anayefikia hifadhidata ya PostgreSQL kwa programu ya Python huenda siku moja akapokea ujumbe `relation "mauzo.ankara" does not exist`, wenye msimbo 42P01, ilhali akifungua psql (programu ya PostgreSQL ya kuandikia amri) analiona jedwali la ankara limo ndani ya skima ya mauzo (skima ni kikundi cha majedwali chenye jina lake), na rekodi zake zote zimo. Kabla hajagusa ruhusa au muunganisho, achunguze alama za kunukuu.

Ujumbe huu unapotosha, kwa kuwa makosa mawili tofauti huuzaa herufi kwa herufi. Hoja (amri ya SQL inayotumwa kwa seva) ikiandika `mauzo.ankara`, seva hutafuta jedwali la ankara ndani ya skima ya mauzo. Ikiandika `"mauzo.ankara"`, seva huliona jina moja tu la jedwali, lenye nukta katikati, hulitafuta katika skima zilizotajwa kwenye `search_path` (orodha ya skima ambamo seva hutafuta jina lisilotajiwa skima), na kwa kawaida hailipati. Kwa hiyo usiusome ujumbe peke yake. Isome hoja kama ilivyoifikia seva. Katika mipangilio ya kawaida, PostgreSQL huiandika hoja iliyoshindwa kwenye faili la kumbukumbu, chini tu ya kosa lenyewe:

```
ERROR:  relation "mauzo.ankara" does not exist at character 15
STATEMENT:  SELECT * FROM "mauzo.ankara"
```

Nukuu moja mwanzoni mwa mauzo na nyingine mwishoni mwa ankara zinatosha kuthibitisha kwamba skima na jedwali vimefungwa pamoja. Usipokuwa na ruhusa ya kusoma faili hilo, chapisha `cursor.query` ya psycopg2 (draiva, yaani maktaba ya Python inayozungumza na PostgreSQL) mara baada ya `execute` kushindwa.

Mara nyingi chanzo ni `sql.Identifier("mauzo.ankara")`, yaani kifaa cha psycopg2 cha kunukuu majina kimepewa majina mawili kama moja. Andika `sql.Identifier("mauzo", "ankara")`, ili draiva itoe `"mauzo"."ankara"`, kila jina na nukuu zake. Usijaribu kupitisha jina la skima kwa `%s`, kwa sababu nafasi hiyo ni ya thamani tu: jina litavikwa nukuu za mkato mmoja (') kama maandishi ya kawaida na seva itaikataa sentensi yenyewe. Wala usiliunganishe jina lililotoka kwa mtumiaji moja kwa moja kwenye hoja. Hapo unamfungulia mlango mtu wa kupenyeza amri zake, na hatari hiyo ni kubwa kuliko kosa ulilokuwa ukilitibu.

Programu iliyofanya kazi miaka mingi nayo inaweza kukwama baada ya psycopg2 kupandishwa hadi toleo la 2.9, kwa kuwa tangu toleo hilo `copy_from` na `copy_to` (njia zake za kuingiza na kutoa data kwa wingi) hulitia nukuu jina la jedwali zinalopewa, hivyo `mauzo.ankara` hugeuka kuwa jina moja. Tumia `copy_expert` na uandike sentensi ya COPY mwenyewe.

Ikiwa nukuu zimekaa vizuri na kosa bado lipo, tazama herufi kubwa. PostgreSQL hugeuza kila jina lisilo na nukuu kuwa herufi ndogo, kwa hiyo skima iliyoundwa kama `"Mauzo"` haifikiwi kwa kuandika Mauzo bila nukuu. Jina halisi litafute hivi:

```
SELECT schemaname, tablename FROM pg_tables
WHERE tablename ILIKE 'ankara';
```

Binafsi nashauri majina yote yawe ya herufi ndogo tangu siku ya kwanza. Kwa skima iliyokwisha kuundwa, `ALTER SCHEMA "Mauzo" RENAME TO mauzo` inatosha, na mionekano (views, yaani hoja zilizohifadhiwa kwa jina) iliyojengwa juu ya majedwali yake itaendelea kufanya kazi. Funksheni za PL/pgSQL (lugha ya kuandikia programu ndani ya PostgreSQL) haziko hivyo: miili yake huhifadhiwa kama maandishi, basi tafuta `"Mauzo"` ndani yake, na katika mipangilio ya `search_path`, kabla ya kuendesha amri hiyo.